Masikio ya Tokuya Yalikuwa Safi

Wiki iliyopita kwenye safu hii niliwaacha mahali pabaya, na mimi mwenyewe nilibaki papo hapo. Niliwaeleza kwamba mwezi uliopita bosi wangu, Bwana Kurahashi, aliniita pembeni akaniambia napandishwa cheo, nikaendeshe tawi la kampuni kule Akita, kaskazini, kwenye theluji. Jibu alilitaka kabla ya Ijumaa hii. Nikainama, nikashukuru, nikarudi nyumbani nikapika mchuzi wa kari. Kwa Tokuya sikutamka neno siku ile, wala siku yoyote iliyofuata.

Kwa anayeanza leo: naitwa Chigusa Orihara, mkazi wa mji wa Takamatsu, huku kusini, umri thelathini na ushei. Kampuni yetu inasambaza dawa kwenye maduka ya dawa. Tokuya ndiye mwanamume ninayeishi naye, kazi yake kukata ngozi katika karakana ya glavu. Hatujafunga ndoa. Watu wakituuliza tunajibu kwamba tunangoja wakati mzuri, nao wanatingisha kichwa kwa adabu na kutusengenya wakifika nje.

Kuna msomaji aliyeniandikia kwamba Tokuya si mwanamume, ni kupe. Sikukasirika. Ni kweli aliniuliza kila asubuhi avae soksi zipi. Ni kweli mchana alinipigia simu ajue nimekula nini. Nilipokwenda na wenzangu wa kazini kulala siku moja kwenye maji moto ya milimani, alinifuata kwa treni iliyofuata, akakaa pale mapokezi akasema alikuwa anapita tu. Milimani, anapita.

Mimi sikuona shida. Kusema kweli mimi huwa sioni shida wala raha. Mama yangu aliniacha kwa bibi nikiwa mdogo, akaenda Nagoya kumfuata mtu wake, na bibi akanifundisha kwamba mtoto asiyesumbua ndiye anayependwa. Basi nikawa sisumbui. Ganzi iliniingia hapo na haijatoka. Mtu akinihitaji namhudumia, asiponihitaji nakaa kimya.

Sasa mtu wa soksi ungemwambiaje kwamba unakwenda Akita?

Tuanze na Jumapili.

Kila Jumapili tukishakula chakula cha mchana, Tokuya hulaza kichwa mapajani mwangu nimsafishe masikio. Msicheke. Kwetu hiyo ni kazi ya mama kwa mwanawe, kisha ya mke kwa mumewe, na mwanamume aliyekuachia sikio ukaingiza kijiti cha mianzi ameshakuachia kila kitu. Kijiti kina kijiko kidogo ncha moja, na ncha nyingine ina kishungi cha manyoya ya bata cha kumalizia. Nta ya masikio yetu ni kavu, hutoka kama pumba. Ya Tokuya ilikuwa nyingi. Nilikuwa naikusanya kwenye karatasi laini namwonyesha, naye anasema, "Lo! Zote hizo zangu?" Anafurahi kweli.

Jumapili mbili zilizotangulia alisema amechoka, akapitiliza kulala; Jumapili hiyo nikaingiza kijiti. Hakuna kitu.

"Geuka," nikamwambia.

Akageuka. La pili nalo safi kabisa.

"Toku."

"Mmh."

"Nani kakusafisha masikio?"

Kichwa chake kikawa kizito ghafla mapajani mwangu.

"Nimeoga vizuri," akasema.

"Maji hayafiki huku."

"Basi upepo. Si unaona siku hizi ulivyo mkali."

"Upepo gani huo unaokwangua?"

Akajikuna shingo. Kisha akasema, "Mama. Alhamisi nilipita kwa mama."

Halafu akainuka. Hakuomba hata kishungi cha manyoya, yeye ambaye hukiomba kama mtoto anavyoomba peremende. Akaenda kusimama kwenye kibaraza kuangalia nguo zilizoanikwa.

Mimi nikabaki na kijiti mkononi, nikaanza kuunganisha mambo. Wiki kadhaa alikuwa analala chumba cha pili, eti chavua ya miti inamkohoza na hataki kuniamsha. Simu za mchana zilikuwa zimekatika. Na asubuhi alikuwa anatoka amevaa soksi alizozichagua mwenyewe, moja nyeusi na moja ya buluu iliyokolea, lakini kazichagua mwenyewe.

Mwanamke yeyote anayesoma gazeti hili ameshajua, na hata mimi nilijua. Mwanamume akianza kujichagulia soksi, kuna mtu wa kuzivua.

Sikulia. Niliikunja ile karatasi isiyo na kitu nikaitupa, nikaosha vyombo. Nilijipapasa moyoni kutafuta wivu, nikaona baridi tu, ile ya mkono uliolaliwa ukafa ganzi.

Jumanne nikatoka kazini mapema nikaenda kwa mama yake, Bi Fusae. Anakaa pembezoni mwa mji, peke yake tangu baba yake Tokuya afariki. Nikamkuta ameingiza miguu kwenye meza fupi ya hita, blanketi limemfika kiunoni, anamenya machungwa. Akanisogezea moja.

Kwetu huendi kwa mama wa mtu ukamuuliza swali likiwa uchi. Unamshukuru, halafu unatazama uso wake.

"Mama, asante kwa kumsafisha Toku masikio."

"Masikio ya nani?"

"Ya Toku. Alhamisi."

Akaacha kumenya. "Mwanangu, mimi sikio la Tokuya mara ya mwisho nililishika akiwa amevaa sare za shule. Nikamchoma, akapiga ukelele mpaka jirani akaja na maji akidhani tunaungua. Tangu siku hiyo hanipi sikio. Na Alhamisi hakuja hapa."

"Anha," nikasema.

"Anha nini?"

"Basi sawa."

Akanitazama. Yule mama ana macho ya mtu aliyezoea kuchagua samaki sokoni.

"Ina maana kuna mtu," akasema.

"Inaonekana."

"Kuna mwanamke anamlaza mwanangu mapajani, na wewe umekaa hapo unakula chungwa."

"Umenipa mwenyewe, mama."

"Mwenzio angekuwa ameshaipindua hii meza!"

"Ina moto chini, mama. Blanketi litaungua."

Akacheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa sababu amecheka. "Wewe mtoto una nini? Unampikia, unamfulia, unamtafutia soksi. Umeshawahi kumwambia unamtaka?"

"Anajua."

"Ajulie wapi? Kwenye soksi?"

Akaendelea kumenya, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Baba yake alikuwa na maneno matatu. Chakula. Kuoga. Kulala. Akiingia mlangoni anasema la kwanza, namtengea. Anasema la pili, namwandalia maji. Nilikuwa nalalamika kwa mashoga zangu, nawaambia nimeolewa na mtoto mzee. Alipokufa nikasema sasa napumzika. Unajua nilifanya nini? Nilikaa hapa, saa ya chakula ikafika, nikangoja mtu aseme 'chakula'. Hakusema mtu, na mimi sikula. Nikapungua hadi daktari akanigombeza."

"Pole, mama."

"Sikutaka pole. Nakuuliza, Tokuya unamtaka au humtaka?"

"Sijui."

"Ukijua usije kuniambia mimi. Mwambie mwenyewe."

Akanifungia machungwa kwenye mfuko nikaondoka. Njiani nilikula yote bila kujua, nikafika nyumbani na mfuko wa maganda.

Sasa Alhamisi. Nilikuwa nimeshaamua. Mwanamume ana mtu wake, mimi nina cheo changu, kila mmoja anashika njia yake bila kelele. Nilijifunza sentensi yangu mbele ya kioo cha chooni kazini: Bwana Kurahashi, nakubali, nitajitahidi. Nikaingia ofisini kwake, nikainama, nikafungua mdomo.

"Siwezi," nikasema.

Nilishtuka mimi kabla yake.

"Huwezi kujibu leo?" akauliza.

"Siwezi kwenda."

"Una mzazi mgonjwa?"

"Hapana."

"Samahani kukuuliza, una mimba?"

"Hapana."

"Basi ni nini, Orihara?"

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Kuna mtu atabaki peke yake."

Bwana Kurahashi akavua miwani, akacheka si kwa ubaya. "Dada yangu, mtu mzima hafi kwa kubaki peke yake. Mke wangu yuko Hiroshima na watoto, mimi niko hapa mwaka wa ngapi sijui, na unaona nilivyonenepa."

"Naona, bosi."

"Ukikataa uhamisho hutaulizwa tena. Unajua."

"Najua."

Nilijua vizuri. Kwenye kampuni zetu ukikataa kuhamishwa hakuna anayekufokea. Wanakupa meza karibu na dirisha, wanakusalimu kwa heshima zote mpaka unastaafu, na kazi yoyote ya maana inapita pembeni yako. Akanyanyua simu mbele yangu, akapiga makao makuu, akataja jina la Ishimori anayekaa dawati la jirani yangu. Hata chai ya alasiri haijanywewa, watu walikuwa wamemzunguka Ishimori wanampigia makofi. Na mimi nikapiga. Maji yakishamwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mwenyewe.

Mtaniuliza kwa nini nilikataa. Nimejiuliza pia. Ninachoweza kusema ni kwamba pale mbele ya bosi nilimwona Tokuya na zile soksi zake za rangi mbili, na ile sentensi ya chooni ikanipotea. Mtu wa ganzi huwa hajui hata ameumia wapi.

Jioni nafunga mkoba wangu, Bwana Kurahashi akapita karibu na dawati langu.

"Ajabu lakini," akasema. "Yule mwenzako mwenyewe hakuonyesha kama atakufa."

"Mwenzangu yupi?"

"Si huyo unayeishi naye, fundi wa glavu. Nilikutana naye asubuhi moja kwenye foleni ya tambi za udon, mwezi uliopita, siku chache baada ya kukuambia. Nikampongeza. Nilidhani anajua."

Mkono wangu ukasimama kwenye zipu.

"Alisemaje?"

"Alikuwa ameshika sinia lake, bakuli limejaa. Kisha akainama, akainama sana, mpaka mchuzi ukamwagikia viatu vyangu. Akasema, 'Chigusa namkabidhi kwenu. Mtunzeni.' Mwanamume muungwana. Mimi nikajua mambo yenu mmeshayamaliza."

Nikatoka. Nilitembea hadi nyumbani nikasahau kwamba nilikuja na baiskeli.

Mwezi mzima. Alikuwa anajua mwezi mzima, na mimi namficha, na yeye ananificha kwamba anajua ninachomficha. Nyumba yenyewe ina vyumba viwili, ukipiga chafya huku unaombewa heri kule. Tulikula pamoja, tulioga maji yale yale, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kumuuliza mwenzio ni kumtwisha mzigo, na sisi wote wawili tumelelewa tusimtwishe mtu.

Nilipofungua mlango nilisikia harufu ya wali ulioungua.

Tokuya alikuwa jikoni amevaa aproni yangu. Mezani kulikuwa na samaki wa kuchoma, supu, na wali ambao chini ulikuwa mkaa na juu uji. Aliponiona akasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Umechelewa. Kaa ule."

"Toku, masikio yako anasafisha nani?"

Akaifungua ile aproni taratibu, akaikunja, akapiga magoti kwenye mkeka mbele yangu. Nikajisemea, haya, linakuja.

"Unaujua ule mtaa wa maduka wenye paa," akasema. "Juu ya duka la miwani kuna mahali wanawake wanasafisha watu masikio kwa kulipwa. Unapanda ngazi, unalala kwenye mkeka, wanakusafisha, unaondoka. Nakwenda kila Alhamisi."

"Ni mzuri?"

"Nani?"

"Huyo anayekusafisha."

"Chigu, ni mama mtu mzima. Ana goti bovu. Mpaka akae vizuri unaweza kusinzia."

"Sasa unafuata nini huko, na mimi niko hapa?"

Akajishika magoti. "Nilikuwa najizoeza."

"Kujizoeza nini?"

"Kuwa bila wewe. Bosi wako aliniambia habari za Akita. Usimlaumu, alidhani najua. Siku ile nilikwenda kazini nikakata glavu ishirini, zote za mkono wa kushoto. Fundi mkuu akanirudisha nyumbani. Nikakaa hapa nikafikiri: huyu hajaniambia kwa sababu anaogopa nitaanguka. Anakaa kwa ajili ya soksi zangu. Basi nikasema nitajifunza kitu kimoja kimoja. Kwanza simu ya mchana. Kisha soksi. Kisha kulala peke yangu. Chavua nilikuongopea, sikohoi."

"Na masikio."

"Masikio yalikuwa mwisho. Masikio ndiyo yalikuwa magumu. Siku ya kwanza nililia, yule mama akadhani amenichoma, akaniomba radhi mpaka nikaona aibu. Ya pili nililia kidogo. Alhamisi iliyopita sikulia." Akainua uso. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la mtu aliyefaulu mtihani ambao kila mtu alisema atafeli. "Leo nimetoka huko. Sikulia tena. Nikapita sokoni, nikanunua samaki, nimepika mwenyewe. Wali umenishinda, lakini wali nitaujua."

Niliitazama ile sufuria.

Hapa ndipo pa kusema. Nilijua ndipo pa kusema. Toku, nimekataa. Toku, siendi popote, Akita anakwenda Ishimori. Maneno machache tu.

"Toku," nikasema. "Na kama nisingekwenda?"

Tabasamu likaondoka usoni kama mtu kalifuta. Akanishika mkono wa nguo, pale pale kwenye mkunjo anapopashika akilala. Kisha akaona alichofanya, akaachia.

"Usiniambie hivyo," akasema. "Nakuomba, Chigu. Nikisikia hivyo nitarudi kule kule. Kesho asubuhi nitakuuliza soksi. Najijua. Na wewe utanitafutia, utanitafutia mpaka uzeeke, na sitajua kamwe kama ulikaa kwa sababu unanitaka au kwa sababu sijui kupika wali."

Sauti ya Bi Fusae ikanijia: mwambie mwenyewe. Nikafungua mdomo. Nataka niwaambie wasomaji ukweli: nilimtaka. Pale pale, mbele ya wali ulioungua, nilimtaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Na nilichotaka zaidi ni aseme usiende. Nimengoja tangu utotoni mtu aniambie usiende.

"Nenda," akasema Tokuya. "Mimi niko sawa."

Nikafunga mdomo.

Akainuka, akaenda kabatini, akashusha sanduku langu kubwa, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake. Akalifungua katikati ya sebule. Kisha akaanza kutoa masweta yangu, moja moja, anakunja kwa mikono ile ya fundi ngozi, kona kwa kona.

"Akita kuna theluji bado," akasema. "Chukua na hili zito. Unaondoka lini?"

Mdomo ulijibu kama ulivyojibu mbele ya bosi, bila kuniuliza.

"Jumamosi."

"Umeshakata tiketi?"

"Nimekata."

"Vizuri." Akanyoosha mkono nimpe sweta jingine, nikampa. "Nimeshaomba ruhusa kazini ya siku hiyo. Nitakuvusha daraja la bahari mpaka Okayama. Nataka nikuone unapanda ile treni ya kasi, milango ifungwe, na mimi nibaki nimesimama pale na nisilie."

"Sawa," nikasema, nikamsogezea na soksi zangu.